Diski Iliyokufa Bado Ina Maneno



Mwezi huu tuzungumze juu ya kompyuta ya chama. Vyama vingi vya ushirika sasa vina kompyuta mpakato, yaani ile ndogo inayokunjwa kama kitabu. Ndani yake kuna majina ya wanachama, kilo walizopima, namba zao za simu, namba za akaunti za benki na namba za vitambulisho vya taifa. Kompyuta hiyo ikiharibika, kazi ya chama inasimama. Ikiangukia mikononi mwa mtu mbaya, wanachama wanaweza kuibiwa.

Tusikilize yaliyotokea katika chama kimoja cha wakulima wa pamba.

Yaliyotokea chamani

Ulikuwa msimu wa kununua pamba. Asubuhi moja Katibu aliwasha kompyuta. Ilikaa muda mrefu bila kufunguka. Jana yake pia ilikuwa imechelewa, lakini hakujali. Safari hii iliandika maneno machache kwenye kioo, kisha ikasimama. Aliizima, akaiwasha tena. Mambo yakawa yale yale.

Katibu akaipeleka mjini kwa fundi. Fundi akasema diski imekufa. Akatia diski mpya, akalipwa. Jioni Katibu alirudi kijijini na kompyuta inayofanya kazi. Nakala ya kumbukumbu za chama alikuwa nayo kwenye flashi, lakini ilikuwa ya mwezi mmoja nyuma. Kazi yote ya mwezi huo haikuwapo.

Mwenyekiti ni mzee asiyejua kutumia kompyuta. Alimsikiliza Katibu mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mwanangu, na ile diski ya zamani iko wapi?"

"Nimemwachia fundi, Mzee. Imekufa, haina kazi."

"Nilipokuwa mtunza ghala," akasema Mwenyekiti, "kufuli ikiharibika hatukuliacha ghala tukaenda zetu. Kufuli imekufa, lakini pamba imo. Kesho turudi mjini."

Kesho yake walipanda basi la alfajiri. Diski ilikuwa bado kwenye boksi la fundi, pamoja na nyingine nyingi.

"Shikamoo, Mzee," akasema fundi.

"Marahaba, kijana. Hebu iunganishe diski yetu na kompyuta nyingine, tuone."

Fundi akaiunganisha kwa waya. Wakangoja. Baada ya dakika chache majina ya wanachama yakaanza kutokea kwenye kioo, jina baada ya jina, na namba za benki pembeni. Katibu alifurahi, maana mwezi uliopotea ulikuwamo. Kisha akanyamaza. Kama yeye ameyaona, mtu mwingine yeyote naye angeyaona.

Hilo ndilo somo letu la mwezi huu. Diski ikishindwa kuwasha kompyuta, haina maana kwamba ni tupu.

Diski ni nini?

Diski ni ghala la kompyuta. Kila unachoandika na kuhifadhi hukaa humo, hata umeme ukizimwa. Ziko aina mbili.

Aina ya kwanza ni diski ngumu ya sahani. Ndani yake mna sahani nyembamba zinazozunguka. Katika kompyuta mpakato nyingi, sahani hizo huzunguka mara 5,400 kwa dakika moja. Juu ya sahani kuna kichwa kidogo kinachosoma na kuandika bila kugusa. Nafasi kati ya kichwa na sahani ni ndogo sana. Unene wa unywele mmoja ni mara maelfu ya nafasi hiyo. Kwa hiyo kompyuta ikidondoka wakati inafanya kazi, kichwa kinaweza kuikwaruza sahani. Hata kuibeba kwenye pikipiki ikiwa bado inawaka ni hatari.

Aina ya pili haina kitu kinachozunguka. Imeandikwa SSD kwenye karatasi yake. Hii huvumilia mtikisiko, lakini nayo huzeeka. Mara nyingi hufa ghafla bila kutoa dalili.

Dalili za diski kuugua

Angalia dalili hizi. Kompyuta inachelewa sana kufunguka. Faili lililofunguka jana leo linakataa. Kompyuta inasimama katikati ya kazi. Diski ya sahani inagonga tik, tik, tik.

Ukiona dalili hizo, usingoje mpaka msimu uishe. Fanya hivi:

1. Acha kazi nyingine. Nakili kwanza yale ambayo huwezi kuyapata tena, kama vile daftari la wanachama na hesabu za msimu. Picha za sherehe zingoje.

2. Kama diski inagonga, zima kompyuta mara moja. Usiiwashe tena na tena. Kila ukiiwasha, kichwa kinaweza kuzidi kuharibu sahani. Mpelekee fundi mwenye ujuzi wa kuokoa kumbukumbu.

3. Usiipige kofi kama redio ya zamani. Usiitie kwenye friji. Usiifungue diski yenyewe, maana hata vumbi dogo linaweza kuiharibu.

Lakini dawa iliyo bora ni kutayarisha nakala mapema. Kila jioni ya siku ya kupima mazao, nakili kumbukumbu kwenye diski ya nje au flashi. Weka nakala mbili. Moja iwe ofisini, nyingine iwe mahali pengine salama, ili moto au mwizi asichukue zote. Kila mwezi jaribu kuifungua nakala hiyo. Nakala isiyofunguka si nakala.

Kufuta si kuondoa

Sasa tuangalie upande wa pili. Chama kinataka kuuza kompyuta ya zamani, au kuigawa kwa shule. Katibu anafuta mafaili yote. Je, yameondoka?

Kwenye diski ya sahani, hapana. Kompyuta hufuta jina la faili katika orodha yake tu. Ni kama kung'oa kibao cha jina mlangoni. Mwenye nyumba bado yumo ndani. Maandishi hubaki mpaka kompyuta iandike kitu kingine juu yake. Mtu mwenye programu ya kuokoa mafaili anaweza kuyarudisha. Hata kuitayarisha diski upya kwa njia ya haraka hakuyaondoi yote.

Haya si maneno ya kutishana. Huko Marekani, wanafunzi wawili wa chuo cha MIT, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walinunua diski 158 zilizotumika. Walitangaza matokeo yao mwaka 2003. Diski 129 zilisomeka. Kati ya hizo, 12 tu ndizo zilizokuwa zimefutwa vizuri. Ndani ya nyingine walikuta barua za watu, habari za wagonjwa na namba za kadi za benki zaidi ya 5,000. Diski moja ilitoka katika mashine ya benki ya kutolea fedha.

Wengine husema, "Kompyuta yangu ina neno la siri." Neno la siri la kufungulia kompyuta peke yake halitoshi. Mtu akiitoa diski na kuiunganisha na kompyuta nyingine, anaweza kuisoma kama fundi wetu alivyoisoma.

Njia za kufuta kabisa

Diski ya sahani ikiwa bado inafanya kazi, tumia programu inayoandika juu ya diski nzima tangu mwanzo mpaka mwisho. Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani ilieleza katika mwongozo wake wa mwaka 2014 kwamba kwa kawaida kuandika hivyo mara moja kunatosha. Kazi hii huchukua saa nyingi. Acha chaja ikiwa imechomekwa.

SSD ni tofauti. Yenyewe huhamisha maandishi kutoka sehemu moja hadi nyingine. Kwa hiyo kuandika juu yake hakuna uhakika wa kufika kila mahali. Tumia amri ya kufuta iliyotayarishwa na kiwanda kilichoitengeneza. Fundi akusaidie.

Kabla ya kufuta, hakikisha nakala yako inafunguka. Ukishafuta kabisa, hakuna kurudi nyuma.

Diski iliyokufa kabisa haiwezi kuandikwa juu yake. Hiyo ivunjwe. Itoe kwanza kwenye kompyuta. Kamwe usigonge betri, kwani inaweza kuwaka moto. Diski ya sahani itobolewe matundu kwa keekee mpaka sahani zote zipasuke. Sahani nyingine ni za kioo, kwa hiyo vaa miwani ya kukinga macho na uifunike diski kwa gunia. Kwa SSD, kila kipande cheusi kinachotunza kumbukumbu kivunjwe. Usichome moto, maana moshi wake ni sumu.

Iko njia ya kujikinga tangu mwanzo. Mwambie fundi aifunge diski nzima kwa maandishi ya fumbo tangu siku ya kwanza. Hapo hata diski ikifa au ikiibiwa, asiye na ufunguo ataona fumbo tupu. Andika ufunguo huo kwenye karatasi na uitie kwenye sanduku la fedha la chama. Ukiupoteza, hata wewe hutaisoma diski.

Ni wajibu wa kisheria

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika nchini Tanzania tarehe 1 Mei 2023. Anayetunza habari za watu anatakiwa kuzilinda. Mkulima ametoa namba yake ili alipwe pamba yake. Hakuitoa ili izagae mjini. Kwa hiyo fundi akibadilisha diski, idai ile ya zamani. Ni mali ya chama.

Chama kile kilifanyaje? Katibu alinakili mwezi uliopotea. Kisha yeye na Mwenyekiti wakarudi na diski yao ndani ya mfuko. Jumamosi iliyofuata, kamati ilikusanyika chini ya mwembe. Seremala wa kijiji akaitoboa matundu sita. Katibu akaandika jambo hilo katika kitabu cha kumbukumbu za mkutano, na wajumbe wakatia sahihi.

Mwenyekiti alivitazama vile vipande. "Sasa imekufa," akasema.

Maswali ya kujadili

1. Nakala ya kumbukumbu za chama chenu iko wapi? Ni ya tarehe gani?

2. Kwa nini kufuta mafaili peke yake hakutoshi?

3. Mara ya mwisho kompyuta ya ofisi yenu ilipotengenezwa, diski ya zamani ilikwenda wapi?