Mkate wa Jumamosi na Kikombe cha Kuonjea

Ikiwa utapita mitaa iliyo nyuma ya soko la Mwanjelwa, mjini Mbeya, siku ya Jumamosi baada ya saa kumi jioni, huna haja ya kumwuliza mtu duka la akina mama liko wapi. Harufu ya mkate itakufikisha. Duka lenyewe ni chumba kimoja chenye meza ndefu, na uani pana tanuri la matofali ya kuchoma. Wenye duka ni majirani waliochanga fedha kidogo kidogo. Hisa zao hazilingani, lakini kura ni moja kwa kila mwanachama. Mimi ni mmoja wao, ingawa si hodari wa kuhudhuria mikutano.

Juma hili nataka tuzungumze juu ya desturi moja ya duka hilo iliyozua ugomvi, nayo ni kuonja. Kila Jumamosi, mikate inapotolewa tanurini, huwekwa pia mezani chupa mbili tatu na vikombe vidogo kama vile vya kahawa. Juma moja huwa ni mvinyo wa Dodoma, juma jingine ulanzi wa Iringa, na mara nyingine maji ya matunda kwa wale wasiotumia kileo. Mwanachama huonja funda moja, hutafuna kipande cha mkate, kisha husema kama kitu hicho kinafaa kuwekwa rafuni. Maoni ya walioonja ndiyo yanayoamua duka linunue nini.

Mwezi uliopita mama mmoja alisimama mkutanoni akasema kwamba duka limeanza kunuka kilabu. Watoto wanatumwa mkate, wanawakuta baba zao wameshika vikombe. Tena kulikuwa na baba mmoja, ambaye sitamtaja, nanyi jirani zangu msimtaje, aliyeonja mara saba, akanunua chupa nzima, akarudi nyumbani bila mkate na bila fedha ya mkate. Asubuhi ya Jumapili mkewe alikuja kuomba mkate wa mkopo, na hapakuwa na hata mmoja uliosalia. Mama yule akadai kuonja kufutwe kabisa. Nusu ya mkutano ikapiga makofi.

Mimi sikupiga, na ningependa kueleza sababu. Wenye mvi miongoni mwetu wanakumbuka Operesheni Maduka ya mwaka 1976, ambapo maduka mengi ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika. Nia ilikuwa njema. Lakini mahali pengi rafu zilibaki na viberiti na vumbi, na baada ya vita vya Kagera vya miaka ya 1978 na 1979 hali ikawa ngumu zaidi hata mijini: sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni. Kwa maoni yangu, kasoro ya maduka mengi ya namna ile haikuwa uhaba wa bidhaa peke yake. Mnunuzi hakuulizwa anataka nini. Alipokea kilicholetwa, na kisipoletwa alirudi na kikapu chake. Duka ambalo mwanachama huonja kwanza ndipo linunue limempa mwenye kikapu sauti. Jambo hilo si dogo, na halifai kutupwa kwa sababu ya mtu mmoja mwenye kiu.

Isitoshe, kuonja ni elimu. Chukua ulanzi. Wengi wa mjini huunywa bila kujua kwamba hugemwa kutoka mianzi wakati wa mvua: chipukizi changa hukatwa ncha, mbeta hutundikwa hapo, na mgema hurudi asubuhi na jioni kukata tena ili utomvu usikome. Ukiwa mpya huwa mtamu, nao huitwa mtogwa. Ukikaa huchachuka na kuwa mkali, ndipo huitwa mkangafu. Mtu aliyeonja yote miwili katika vikombe viwili hadanganyiki tena sokoni.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Mwaka mmoja nilitoka Iringa na dumu la mtogwa, nikalifunga kifuniko kwa nguvu zangu zote. Kabla hatujafika Makambako dumu lilikuwa limevimba kama ngoma. Nilipolegeza kifuniko, ulanzi uliruka hadi kwenye kanga ya mama aliyeketi mbele yangu, na safari iliyobaki hadi Mbeya niliifanya nimeinamisha kichwa. Siku hizi husafiri na dumu lililofungwa kwa kulegea.

Hewa ile iliyovimbisha dumu ndiyo ile ile inayouinua mkate. Hamira hula sukari, ikatoa hewa na kileo. Katika dumu kileo hubaki, katika mkate hupotea kwa moto wa tanuri. Ndugu zetu wa pwani walilijua jambo hilo zamani, wakaumulia unga kwa tembo la mnazi. Basi mkate na mvinyo ni ndugu, na si ajabu kuviona juu ya meza moja.

Zabibu za Dodoma nazo zina sifa yake: huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo wakulima wa Ulaya hawalipati. Ukipewa mvinyo huo uonje, usimeze kwa pupa. Tazama rangi yake kwenye mwanga, nusa, chukua funda dogo ulizungushe kinywani, kisha tafuna mkate kabla ya kikombe kingine ili ulimi usafike. Ukinusa harufu ya siki, chupa hiyo imeharibika au imekaa wazi siku nyingi; mwambie muuzaji bila haya.

Kwa wale walio mbali na tanuri letu, mkate unaweza kuokwa nyumbani kwa sufuria. Kilo moja ya unga wa ngano, kijiko kimoja cha mezani cha hamira kavu, vijiko viwili vya chai vya chumvi, sukari kidogo, na maji vuguvugu kama vikombe viwili na nusu. Kanda kwa muda wa dakika kumi hadi donge liwe laini, lifunike, uliache liumuke mpaka liwe maradufu. Katika baridi yetu ya Juni na Julai jambo hilo huchelewa, kwa hiyo weka bakuli karibu na jiko, wala usiongeze hamira kwa kukosa subira, maana mkate utanuka. Kisha panga madonge katika sufuria iliyopakwa mafuta, yaache yaumuke tena, weka makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Unga wa ngano si wa bei ndogo. Sehemu kubwa ya ngano tunayokula hutoka nje, hata kama Makete na Njombe wanailima, na vita vya Urusi na Ukraine vya mwaka 2022 vilipopandisha bei duniani, mikate yetu nayo ilipungua ukubwa. Basi usiuunguze.

Turudi kwenye ugomvi. Mama yule alikuwa na haki katika jambo moja: mahali panapoingia watoto hapafai kuwa mahali pa vileo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwuzia mtoto kileo, na biashara ya vileo inahitaji leseni, ambayo duka letu linayo na hatutaki kuipoteza. Kwa hiyo nilipendekeza, na baada ya mabishano marefu mkutano ukakubali, kwamba mikate itolewe saa kumi, watoto wachukue waende zao, na vikombe viwekwe mezani saa kumi na mbili. Funda moja tu kwa kila aina. Asiyenunua mkate haonji.

Lakini pendekezo lililoshinda yote halikuwa langu. Alilitoa mke wa baba yule aliyeonja mara saba, naye alisema akiwa ameketi, kwa sauti ndogo: kadi ya kuonjea iwe ya kaya, si ya mtu, na ikae nyumbani pamoja na daftari la matumizi. Baba mmoja alicheka. Akina mama hawakucheka, wakanyosha mikono.

Jumamosi iliyopita kadi ya nyumba ile aliileta mama mwenyewe. Alionja mvinyo mwekundu, akakunja uso, akasema ni mkali mno kwa fedha inayotakiwa. Karani akaandika. Kisha akachukua mikate miwili, akalipa taslimu, pamoja na deni la mkate mmoja ambalo hakuna mtu aliyekuwa akimdai.