KONA YA HESABU: Namba 6174

Mwezi uliopita mama mmoja alitusimamisha kwenye foleni ya maji akasema: "Mwalimu, mtoto wangu kila siku anakosa hesabu za kutoa. Mimi niliishia darasa la pili, nitamsaidiaje?" Tulimwahidi kumjibu hapa.

Mwambie mtoto aandike namba ya tarakimu nne, yoyote ile, ila zisiwe zote sawa kama 3333. Daftari hakuna? Kijiti na mchanga vinatosha. Azipange kuanzia kubwa kwenda ndogo, kisha ndogo kwenda kubwa, halafu atoe. Jawabu alipange tena vilevile na kutoa tena. Tuanze na 2025:

5220 – 0225 = 4995
9954 – 4599 = 5355
5553 – 3555 = 1998
9981 – 1899 = 8082
8820 – 0288 = 8532
8532 – 2358 = 6174

Sasa endelea: 7641 – 1467 = 6174. Umenasa, hutoki tena! Uanze na mwaka wako wa kuzaliwa au namba ya kubuni tu, utafika hapo hapo, na hutazidisha mara saba.

Aliyegundua jambo hili mwaka 1949 alikuwa mwalimu wa shule kama sisi, D. R. Kaprekar wa India. Alipenda namba tu, basi. Jarida moja la Marekani lilimwandika mwaka 1975, ndipo akajulikana mbali. Na huo mwaka 1949 wenyewe, ukiujaribu, unakula mara zote saba.

Sasa mama, kazi yako ni hii. Kila mtoto akipata jawabu, jumlisha tarakimu zake. Lazima ipatikane 18 au 27. Angalia 4995: 4 + 9 + 9 + 5 ni 27. Angalia 8082: ni 18. Ikitoka 19 au 26, mwambie arudie, hapo amekosea, na mara nyingi amesahau kukopa. Inakuwa hivyo kwa sababu namba zote mbili zina tarakimu zilezile, zimebadilishana nafasi tu, na ukitoa namba za namna hiyo jawabu hugawanyika kwa 9 siku zote. Kuna makosa machache yanayoweza kupenya, kwa mfano kubadilisha nafasi za tarakimu wakati wa kuandika jawabu, lakini mengi utayakamata, na kujumlisha namba nne ndogo hata kwa vidole inawezekana.

Tena msione aibu kukosea, maana hata sisi tumekosea mbele ya darasa zima. Tulianza na 1000. Tukatoa 0001, tukaandika 999. Tukapanga, 999 kutoa 999, sifuri! Tukawaambia watoto: "Hii imekataa." Msichana mmoja wa nyuma kabisa akanyoosha mkono: "Mwalimu, ile sifuri ya mbele umeiacha wapi?" Kumbe ilitakiwa 0999, ibaki na tarakimu nne. Basi 9990 – 0999 = 8991, na safari ikaendelea mpaka 6174. Tulifuta ubao tukaandika upya, huku darasa linacheka.

Watoto, jaribuni sasa kwa tarakimu tatu. Kuna namba nyingine inawasubiri huko. Mleteni jibu darasani, tutalitoa hapa mwezi ujao.