Shida Yako Si Kuamka Mapema

Wacha niseme kitu ambacho kitanikosanisha na nusu ya waandishi wenzangu: hiyo ratiba mnauziwa ya "amka saa kumi na moja, kunywa maji, andika malengo yako" haijawahi kumwandikia mtu hata ukurasa mmoja. Na mnaoiuza mnajua.

Kila wiki kuna msee mpya kwa simu yangu anafundisha waandishi kupanga siku. Amesoma kile kitabu cha Robin Sharma cha 2018 kuhusu kuamka saa kumi na moja alfajiri, ama hata hajakisoma, ameona tu jalada, halafu anatuambia sisi wa Nakuru kwamba tumebaki nyuma kwa sababu tunapenda kulala.

Tunapenda kulala? Mathe anauza mboga. Anaamka saa tisa usiku, saa kumi yuko Wakulima anangoja sukumawiki na viazi vya Molo vishushwe kwa lori. Amefanya hivyo tangu nikiwa darasa la pili. Kama kuamka mapema ndiyo siri, mathe angekuwa na nyumba tatu Milimani. Hakuna mtu atanishawishi kwamba mama huyo anakosa nidhamu. Anachokosa ni saa yake mwenyewe. Lori lina saa yake, wateja wana saa zao, sisi watoto tulikuwa na zetu. Yeye alibakiwa na ile ya kulala, na hata hiyo tulimkatia.

Kwa hivyo kabla hujauliza uamke saa ngapi, jiulize saa zako ni za nani.

Mimi nilijifunza hilo vibaya sana. Niliingia chuo 2021. Mwaka haujaisha, jamaa tuliyekuwa tunaishi naye akanionyesha kazi ya kuandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Kama umewahi kukodisha bedsita karibu na chuo chochote hapa Kenya, unaijua hiyo kazi. Akaunti haikuwa yangu. Mwenyewe alikula sehemu yake, mimi nikabaki na mia tatu kwa ukurasa. Na oda zilikuja na saa za Marekani. Mteja wa New York akisema anataka kazi usiku wa manane, hapa kwetu hiyo ni saa moja asubuhi, na msimu wao wa baridi ni saa mbili. Kwa hivyo naandika usiku kucha, natuma kazi wenzangu wakienda darasani, halafu nalala.

Na wasee, nilikuwa nimejipanga! Kalenda ya rangi nne ukutani. Alamu tatu. Sikukosa dedlaini hata moja. Siku moja ikaja oda ya kurasa nane, mada: jinsi mwanafunzi anavyoweza kusimamia muda wake. Si utani. Nikaandika hadi kukapambazuka, nikatuma, nikajilaza kidogo tu, nikaamka mtihani wangu wa saa tatu ukiwa umeisha. Kuna mtu huko Marekani alifaulu kwa maneno yangu kuhusu muda. Mimi niliacha chuo 2023, mwaka wa pili, nikiwa na mitihani mitano ya kurudia.

Sitajisafisha. Kazi ile ilikuwa udanganyifu, na Uingereza ilipitisha sheria ya kupiga marufuku biashara hiyo mwaka 2022. Halafu mwisho wa mwaka huohuo ChatGPT ikatoka, na oda zangu zikaanza kukauka moja baada ya nyingine. Nikabaki na kalenda nzuri ukutani na mamia ya kurasa duniani, bila hata moja yenye jina langu.

Sasa, nikisema hivi, wale wa kuhamasisha watu hukimbilia Ngũgĩ wa Thiong'o. "Ngũgĩ aliandika riwaya kwa karatasi za choo akiwa Kamiti, wewe uko na simu na bado unalia huna muda!" Ni kweli aliandika. Aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa, akakaa Kamiti karibu mwaka mzima wa 1978, na huko ndiko alikoandika Caitani Mutharabaini. Lakini mnaisoma hiyo hadithi kama tangazo la bidii. Serikali ilichukua mwili wake, ikachukua mshahara wake na familia yake. Akakataa kuipa saa zake. Huyo hakuwa mtu wa kupanga ratiba vizuri. Alikuwa mtu anayegoma.

Mimi naandika hadithi za watu wa Mwariki, wale ambao Ziwa Nakuru liliwafuata hadi mlangoni. Hakuna anayenilipa. Pesa inatoka kwa video, na maelezo ya bidhaa ninayoandikia maduka hapa tao, na asubuhi tatu kwa wiki namsaidia mathe sokoni. Kwa hivyo usiniambie habari ya saa kumi na moja alfajiri, saa hiyo nimebeba gunia. Saa yangu ni saa nne usiku. Jirani yetu anayechomelea mageti amefunga, watoto wa ploti wamelala. Naandika kwa daftari, kwa kalamu, maana stima ikipotea daftari halizimi. Simu inabaki jikoni. Saa tano nafunga.

Hiyo saa moja ilinigharimu. Kuna mteja alizoea kunitumia kazi saa tatu na nusu usiku akiitaka kabla hajalala. Nikamwambia kuanzia saa nne sipatikani. Akanijibu "sawa", na sikumsikia tena. Alikuwa analipa karibu nusu ya kodi yangu ya nyumba. Nilirudi kuishi kwa mathe, nina miaka 23, na watu wa mtaa wana maoni yao. Hakuna msee wa kuhamasisha amewahi kukuonyesha hiyo bili. Anakuambia jipange, kana kwamba kila saa unayojipa haitoki kwa mtu mwingine anayekudai.

Nakubali, si kila kitu ni cha kulaumu dunia. Nimewahi kukaa TikTok masaa mawili nikijiambia nafanya utafiti. Hilo ni langu, na usijifiche nyuma ya maneno yangu kama ni lako pia. Lakini wengi mnaoniambia "niko bize" hamko wavivu hata kidogo. Mnafanya kazi kama punda, na kila oda mnayomaliza ni ya mtu mwingine.

Basi fanya hivi wiki hii. Usinunue kijitabu cha ratiba. Chukua karatasi, andika saa zako zote kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, na mbele ya kila moja andika jina la aliyeichukua. Bosi, mteja, mtoto, matatu, simu. Halafu tafuta jina lako liko wapi. Mimi nilipofanya hivyo mara ya kwanza, halikuwa popote.