Usafi wa Protini na Maana ya Kipimo

Mwaka 1979, katika taasisi ya utafiti wa kansa ya Roswell Park iliyoko mjini Buffalo, Marekani, kundi la wataalamu pamoja na T. Ming Chu lilitangaza kwamba limefaulu kutenga na kusafisha protini moja ya tezi dume. Tezi hiyo iko chini ya kibofu cha mkojo wa mwanamume, na kazi ya asili ya protini hiyo ni kuyafanya manii yaliyoganda yawe majimaji. Kazi hiyo ina mafunzo mawili, na shule zetu aghalabu hufundisha la kwanza tu.

Funzo la kwanza ni la kemia. Nyama ya tezi husagwa, kisha protini zake hugandishwa kwa chumvi ya amonia salfeti. Halafu hupitishwa katika mirija inayozitenga kwa chaji ya umeme na kwa ukubwa wa molekuli. Kwa nini taabu yote hiyo? Kwa sababu protini iliyosafishwa hudungwa mnyama, kama vile sungura, ili mwili wake uunde kingamwili, na mwili huo hauchagui: huunda kingamwili dhidi ya kila protini ngeni. Tuseme albumini kidogo imebaki. Mililita moja ya maji ya damu ya binadamu ina albumini kiasi cha miligramu 40, ilhali protini ya tezi dume kwa mtu mwenye afya kwa kawaida haifiki nanogramu 4. Albumini huizidi mara milioni kumi na zaidi! Kingamwili chache zinazoshika albumini zatosha kuharibu kipimo chote.

Funzo la pili ni la fikra. Protini ikiwa safi, haifuati kwamba maana ya kipimo nayo ni safi. Watafiti wenyewe waliiona protini hiyo katika tezi zenye afya, katika tezi zilizovimba bila kansa, na katika zile zenye kansa. Basi ni alama ya tezi, wala si alama ya kansa. Hata hivyo, kipimo kilichoruhusiwa Marekani mwaka 1986 kwa kufuatilia wagonjwa, kiliruhusiwa mwaka 1994 kusaidia kugundua ugonjwa. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliotangazwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa upimaji hupunguza vifo. Lakini, kwa hesabu ya wakati ule, ili kuzuia kifo kimoja ilibidi wagonjwa 48 zaidi watibiwe. Miongoni mwa wanaotibiwa hivyo wamo ambao kansa yao isingewadhuru kamwe, na baadhi yao hubaki hawawezi kuzuia mkojo au hupoteza nguvu za kiume.

Si haki kukilaumu kipimo, kwani kingamwili zimefanya kazi yake kwa uaminifu. Kosa ni la anayesoma tarakimu na kudhani amesoma ugonjwa. Kwa hiyo mwalimu wa sayansi asitosheke mwanafunzi akijua jinsi kitu kinavyopimwa. Amzoeze kuuliza maswali mawili mbele ya kila kipimo: Kimeshika nini? Na kilichoshikwa kina maana gani? Mwanafunzi huyo kesho atakuwa daktari, au mgonjwa.