Gari la kwanza lisiwe mlango wa riba

 

Ndugu Waislamu, hivi karibuni baada ya Swala ya Magharibi alinijia mzee mmoja wa hapa Mwanza pamoja na kijana wake, mwalimu aliyeajiriwa miaka miwili iliyopita. Kijana anataka kununua gari dogo lililotumika, kutoka Japani. Mkopeshaji yu tayari kumpa fedha, ila anataka hati ya kiwanja cha mama yake kilichopo Kisesa iwe rehani. Mzee akaniuliza: "Sheikh, kuna ubaya gani? Siku hizi kila mtu anakopa."

Sikumlaumu kijana. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, safari ya Sengerema na Geita haisubiri tena kivuko, na mwenye gari huona riziki mbele yake. Tena Mtume (S.A.W.) alikitaja kipando kizuri miongoni mwa mambo yanayomfurahisha mja. Tatizo si gari, bali ni njia ya kulipata.

Tupige hesabu. Tuseme kijana amekopeshwa shilingi milioni 15 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, alipe kwa miaka 4. Kila mwezi atatoa takriban shilingi 441,000, na mwisho atakuwa amelipa zaidi ya milioni 21. Akichelewa, deni huongezeka. Gari nalo kila siku linachakaa.

Wapo wanaosema kuwa biashara na riba ni mamoja. Kauli hiyo si ngeni. Ndiyo iliyojibiwa katika Surat al-Baqara, aya ya 275. Katika murabaha, benki hulinunua gari kwanza, likawa mali yake na hasara yake, kisha humuuzia mteja kwa bei na faida iliyo wazi, naye hulipa kidogo kidogo. Bei hiyo haipandi hata mnunuzi akichelewa. Amana Bank ilianza kazi kwa misingi hii nchini mwaka 2011, na CRDB ikafungua huduma ya Al Barakah mwaka 2021.

Hata hivyo, jina la Kiarabu peke yake halihalalishi mkataba. Muulize ofisa: Je, gari litakuwa mali ya benki kabla ya kuniuzia, au mtanipa fedha tu? Je, bei ni moja mpaka mwisho? Nikichelewa, faini inakwenda wapi? Asipokujibu waziwazi, usitie saini. Na ukikubali, mkataba uandikwe na uwe na mashahidi, kama tulivyofundishwa katika aya ya 282 ya Sura hiyo hiyo.

Tukumbuke pia kuwa deni la halali nalo ni mzigo. Mtume (S.A.W.) alijizuia kumswalia maiti aliyedaiwa dinari mbili mpaka Abu Qatada (R.A.) alipojitolea kuzilipa. Basi kijana ajiulize: baada ya rejesho, mafuta, bima na matairi, mshahara utabakiza nini cha chakula na kodi ya nyumba?

Nikamgeukia mzee, nikamuuliza: "Na mama mwenye kiwanja amesemaje?" Wote wawili wakanyamaza. Kumbe hakuwa ameulizwa! Uislamu umempa mwanamke mali yake; si ya mume wala ya mtoto kuiweka rehani bila ya ridhaa yake.

Lawama nyingine ni yetu sisi wazee. Harusini tunamkaribisha mbele aliyekuja na gari, na posa ya aliyekuja kwa daladala tunaichelewesha. Kisha tunashangaa vijana wakikimbilia riba! Misikiti yetu nayo ingeweza kuanzisha mifuko ya kukopeshana qardhan hasana, hata kwa kuanzia na pikipiki moja.

Niliwashauri warudi nyumbani, wakae na mama huyo, na kijana aweke akiba mwaka mmoja kwanza kiasi kile kile ambacho angelipa kama rejesho. Akiweza, atakuwa na zaidi ya milioni 5 mkononi. Akishindwa, atakuwa amejua kuwa mkopo ungemshinda pia, na kiwanja cha mama yake kitakuwa kimesalimika.