Mchemraba, Zidaka na Hati ya Kuzaliwa



Barua iliyotufikia wiki hii kutoka Garissa si ya mirathi wala ya talaka, lakini tumeona yastahiki kujibiwa kwa urefu. Mama aliyetuandikia ana kompyuta moja ya kupakata, itumiwayo na watu sita nyumbani mwake. Kijana wake asomaye chuo kikuu alirudi likizoni akaweka humo mfumo wa Linux, na tangu siku hiyo uso wa kompyuta umekuwa mchemraba. Ukibonyeza, hugeuka hewani kama kasha linalozungushwa, na kila ubavu una madirisha yake. Wadogo zake wamefurahi mno. Mama amepotelewa. Binti yake atimiza miaka 18 mwezi ujao na yampasa kuomba kitambulisho, ilhali hati yake ya kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi, ambazo mama alizizoea pembeni kushoto, chini kabisa ya skrini, hazionekani tena. Mama auliza: amwamuru kijana auondoe mchemraba huo? Na ukibaki, upangwe vipi?

Huenda msomaji wa mbali akasema ni jambo dogo. Wa Garissa, Wajir na Mandera hatasema hivyo. Kwa miaka mingi vijana wa kaunti hizo walisimamishwa mbele ya kamati za uhakiki, wakaulizwa ukoo na babu, kabla ya kupewa kitambulisho cha nchi waliyozaliwa. Na sisi Waislamu wa Pwani tumeyaonja hayo. Wapo pia Wakenya ambao, wakati wa ukame, waliandikishwa utotoni katika kambi za Dadaab ili wapate chakula, wakakua na kunyimwa kitambulisho kwa kuwa alama za vidole vyao zilikuwa katika daftari la wakimbizi. Mwezi wa Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitangaza kuondolewa kwa uhakiki wa ziada. Tangazo ni jema. Lakini mzazi aliyekwisha kurudishwa ofisini mara tatu haachi kuzikumbatia karatasi zake kwa sababu ya tangazo, nasi hatumlaumu.

Kwa hivyo, kabla ya mapambo, tuanze na amana. Mafaili yapo? Wengi huweka Linux kando ya Windows, na vitu vya zamani hubaki salama katika sehemu yake ya diski. Kijana ataifungua sehemu hiyo kutoka ndani ya Linux na kuyanakili. Ikiwa aliifuta diski yote bila ya kuhamisha kwanza, basi kompyuta izimwe sasa hivi, isitumiwe hata kwa mchezo, mpaka fundi wa kurejesha mafaili aione, kwani kila kitu kipya kiandikwacho huenda kikakalia mahali pa kilichopotea. Tumeliweka neno hili mbele kwa makusudi. Mengine yote yaweza kungoja.

Tuchukulie yapo. Hapo jibu letu ni kwamba mchemraba usiondolewe, bali ujengwe upya, na mjenzi awe mama.

Tuliosoma chuoni tunalijua jambo moja ambalo hatukufundishwa na mhandisi yeyote. Mwenye kuhifadhi Qur'ani haibebi kwa sauti peke yake. Huibeba pia kwa mahali. Aya hii iko ukurasa wa kulia, juu. Ile iko mstari wa mwisho, kushoto. Ndiyo maana msahafu wa chapa ya Madina, wenye mistari 15 kwa ukurasa na kurasa 604, kila ukurasa ukiishia mwisho wa aya, umependwa sana na wenye kuhifadhi. Na ndiyo maana mwalimu humkataza mwanafunzi kubadilisha chapa katikati ya safari yake. Mpe chapa nyingine: maneno ni yale yale, herufi ni zile zile, naye atababaika kama mgeni. Twasema kwa mfano tu, wala hatulinganishi kisicholinganishwa. Lakini mama huyu kabadilishiwa chapa. Hakuwa akisoma majina ya mafaili. Alikuwa akienda mahali, kama tuendavyo gizani kwenye mtungi wa maji bila ya kuwasha taa.

Uso wa kompyuta tuliouzoea ulibuniwa na watu wa ofisi kwa ajili ya watu wa ofisi. Kampuni ya Xerox, katika maabara yake ya Palo Alto huko California, iliukuza miaka ya 1970 kwa mfano wa meza ya karani: karatasi juu yake na makabrasha. Mashine yao iitwayo Star iliuzwa kuanzia 1981, na Macintosh ya Apple ikaufikisha mfano huo kwa watu wengi mwaka 1984. Nyumba nyingi za kwetu hazina meza ya karani. Zina kasha, zina kabati, zina mkeka.

Wengine walijaribu kutoka mezani. Mwaka 1995 Microsoft ilitoa programu iliyoitwa Bob, ambayo uso wake ulikuwa nyumba yenye vyumba, ukibofya kalamu na karatasi uandike barua. Haikupendwa, na mwaka uliofuata iliachwa. (Nyumba hiyo ilikuwa na mbwa wa katuni wa kumwongoza mgeni, jambo ambalo hatuna haja ya kulitolea fatwa.) Kampuni ya Sun ikaonyesha mradi wake, Looking Glass, mwaka 2003: dirisha liligeuzwa likaonekana mgongo, na mgongoni ukaweza kuandika kumbukumbu yako, kama tuandikavyo nyuma ya picha. Mwaka 2006 ulikuja mchemraba wenyewe, katika programu ya Compiz iliyotoka kwa kampuni ya Novell. Na katika Chuo Kikuu cha Toronto ilitengenezwa BumpTop, chumba kidogo chenye sakafu na kuta, mafaili yakirundikwa kama karatasi halisi. Google iliinunua mwaka 2010 na haikuuzwa tena.

Kati ya hizo zote, sisi twaona kosa la Bob ndilo lenye faida kwetu. Nyumba ilikuwa nyumba, lakini haikuwa nyumba ya aliyeinunua.

Nyumba ya mawe ya Lamu huanza kwa daka, pale mlangoni ambapo mgeni wa njiani huketi na kuzungumza bila ya kuona ndani. Kisha huja kiwanda kilicho wazi, kisha misana, kisha ndani, na kila uingiapo mbali zaidi ndipo unapokaribia faragha ya wenye nyumba. Huko ndani ukutani ndiko kulikopangwa zidaka, vijumba vya chokaa vya kuwekea vyombo vya thamani, kila chombo na kidaka chake. Tazama sasa kwa mama zetu wa Kisomali: wao ndio wajenzi wa aqal, nyumba ya miti iliyopindwa na kufunikwa mikeka, ivunjwayo, ipakizwe juu ya ngamia, na kusimamishwa tena malishoni kwengine. Mjukuu wa wanawake hao hawezi kushindwa kupanga pande nne za mchemraba. Aliyekosa ni yule aliyempangia bila ya kumwuliza.

Sasa mwanetu, kaa karibu, maana yafuatayo yakuhusu wewe.

Pande za mchemraba hazina milango. Yeyote ajuaye kubonyeza ataufikia kila ubavu, na katika mifumo mingi mafaili yaliyowekwa juu ya uso huonekana pande zote nne. Basi usidhani kuwa ukiziweka karatasi za mama ubavu wa nyuma umezisitiri. Mlango wa kompyuta ni akaunti yenye neno la siri. Fungua akaunti ya mama, fungua ya watoto, na yako uibebe katika kompyuta yako utakapojaliwa kuinunua. Dini imetufundisha kupiga hodi, hata watoto wa nyumba wakaambiwa waombe ruhusa nyakati tatu za faragha, kama ilivyo katika Surat an-Nur. Sisi twaona kioo chenye hesabu za mama, karatasi za hospitali na picha za harusi za mabinti kina haki ya hodi vile vile. Neno hilo la siri alichague mama mwenyewe, wala usilikariri.

Katika akaunti ya watoto, mchemraba uzunguke watakavyo. Waachie mawimbi, waachie madirisha yanayotikisika kama jeli. Ila kumbuka joto la Garissa. Mapambo hayo huitumikisha kompyuta, nayo huwaka moto na kula betri upesi. Nyumba inaweza kuwa haiko mbali na mitambo ile ya jua iliyozinduliwa mwaka 2019, na umeme ukakatika adhuhuri kama kwengine. Kompyuta isipozimudu pambo hizo, ziondoe moja moja, ukianza na zile zisizo na kazi.

Katika akaunti ya mama, mwendo wa kugeuka uwe wa polepole, ili jicho liwahi kuona umetoka wapi na unakwenda wapi. Hiyo ndiyo faida ya kina na mzunguko. Ukienda kasi hubaki kizunguzungu tu. Kila ubavu uwe na rangi yake. Baadhi ya programu hutoa picha moja ya nyuma kwa pande zote, na itakubidi uongeze kiambatisho. Fanya kazi hiyo, kwani pande nne zinazofanana ni njia panda isiyo na alama. Mama ametuambia anauza madera na baibui. Tungependekeza ubavu mmoja uwe wa hesabu za biashara, mmoja wa kuzungumza na jamaa walioko Nairobi na Minneapolis, mmoja wa karatasi, na wa nne uachwe mtupu, kama kiwanda. Nyumba isiyo na nafasi tupu huchosha. Yapo maagizo ya kuifanya kila programu ifunguke ubavu wake daima, basi yaandike, daftari la hesabu lisije likafunguka leo huku na kesho kule.

Kwa ukuta wa karatasi tuna pendekezo ambalo limetupendeza wenyewe. Piga picha ya zidaka, au ya mkeka uliosukwa miraba, uiweke kuwa picha ya nyuma, kisha kila folda iketi ndani ya kidaka chake au mraba wake. Hati za kuzaliwa mahali pake. Vitambulisho mahali pake. Vyeti vya shule, nikahi, karatasi za kiwanja. Zima ule mpangilio wa kujipanga wenyewe, ambao huzisogeza alama zote kila kitu kipya kinapoongezwa. Huo ni adui wa kumbukumbu. Pembeni kushoto, chini kabisa, iwekwe hati ya kuzaliwa ya binti, kwa kuwa ndipo mkono wa mama uendapo hata sasa. Picha za mabinti na wake za watu zisiwe pambo la nyuma, kwani kompyuta hufunguliwa mbele ya wageni.

Majina ya folda ayaandike mama, kwa Kiswahili au Kisomali, kwa neno alitumialo yeye. Akitaka kuita "Za chifu", ziitwe hivyo. Na lugha ya kompyuta yaweza kubadilishwa iwe Kiswahili. Kazi hiyo ina wazee wake, kwani mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikwisha kutoa programu za ofisi za Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Tafsiri nyingine zina maneno magumu, twakiri. Wako watakaosoma "eneokazi" wakadhani ni shamba. Mama ajaribu wiki moja, kisha achague.

Utajuaje kuwa umemaliza? Siku mbili kabla ya kurudi chuoni, zima kompyuta, umkabidhi mama, ukae upande wa pili wa chumba mikono ikiwa mapajani. Mwombe aifungue, afike kwenye hati ya mdogo wako, aitoe kwenye printa au aitume kwa simu. Usiseme "hapo, hapo, kulia." Akikwama, kitu hakiko mahali pake, kisogeze alikokwenda yeye, wala si ulikotaka wewe, kisha muanze upya kesho yake. Akifika mara tatu bila ya kukuuliza, basi usiguse tena kitu chochote katika akaunti hiyo, hata likija toleo jipya lenye mambo mazuri kiasi gani, mpaka akuite.

Nakala ya hati zote iingie katika flashi mbili. Moja ikae katika kasha la mama pamoja na karatasi zenyewe, na ya pili kwa ndugu yake nyumba nyengine. Wala tafadhali flashi hizo zisiwekwe katika mkoba wa kompyuta.