Maneno ya Maganzo Kuhusu Bima, na Majibu Yake

Ukikaa Maganzo, wilayani Kishapu, nje tu ya mgodi wa almasi wa Mwadui, utayasikia maneno yale yale kuhusu bima ya afya: hospitali zinaiba, bima inabana, mchimbaji hana mwenyewe. Husemwa kwa uhakika wa kondakta anayetaja nauli. Mengi yana chembe ya ukweli, na hiyo chembe ndiyo inayoyafanya yasijibiwe.

Tuanze na wizi. Inasemwa kwamba Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, unakata madai kwa sababu watoa huduma ni wadanganyifu. Udanganyifu upo, wala sina haja ya kuutetea. Lakini dai haliangushwi na wizi peke yake. Saini ikikosekana, au dawa ikiwa ya ngazi isiyo ya kituo kile, dai linakatwa, na aliyefanya kazi kwa uaminifu anawekwa kapu moja na mwizi. Isitoshe, ugomvi uliovuma kuliko yote, wa Machi 2024, haukuhusu wizi. Kitita kipya cha mafao kilipoanza tarehe 1, hospitali kadhaa binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wa NHIF kwa kuwa bei mpya, kwa hesabu zao, hazikufidia gharama. Mnunuzi na muuzaji walishindwana bei, na aliyebaki mlangoni ni mwenye kadi.

Waganga nao wana lao: bima inatufundisha kazi. Hapa nawapinga. Mwongozo wa Matibabu pamoja na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, toleo la 2021, ni kazi ya Wizara ya Afya, yaani ya wataalamu wenzao, na bima inaufuata. Humo kila dawa ina ngazi yake: A ni zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D ya mkoa, S ya bingwa. Mpango huo ni mzuri mgonjwa anapopanda. Kasoro iko kwenye kurudi. Chukua mama wa Maganzo mwenye presha, aliyeanzishiwa dawa ya ngazi ya juu katika hospitali ya rufaa ya mkoa, Mwawaza. Presha imetulia, hana anachohitaji ila vidonge na mtu wa kumpima. Zahanati iko jirani, lakini dawa ile si ya ngazi yake, hivyo mwezi ukiisha mama anapanda gari kwenda Shinyanga. Bima inalipia kumwona daktari wa mkoa kwa kazi ambayo muuguzi wa zahanati angeimaliza kabla ya saa nne asubuhi, na daktari huyo anapoteza nafasi ya mgonjwa aliyezidiwa. Bima na mganga wanapata hasara ile ile, ila hawajawahi kuipigia hesabu pamoja.

Dai linaloniudhi zaidi ni kwamba kifua cha mchimbaji hakihusu bima. Kule Geita, kwenye karasha za wachimbaji wadogo, mawe yenye dhahabu husagwa yakatoa vumbi la silika. Likikaa mapafuni huleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba ya kuuondoa, na humweka mtu katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Mchimbaji akianza kukohoa, kipimo cha kifua kikuu ni bure na dozi ni bure. Anameza kwa miezi sita, anaandikiwa kuwa amepona. Kikohozi kinabaki. Sasa mchimbaji huyu ni wa nani? Aliyeajiriwa na mgodi mkubwa ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015. Anayeshuka duarani, yaani shimoni, kwa mgawo wa mawe hana mwajiri kwenye karatasi yoyote. Kadi ya mfuko wa afya ya jamii, CHF Iliyoboreshwa, iliyouzwa Sh 30,000 kwa kaya ya watu sita, ameikata mkewe Kishapu, naye yuko Nyarugusu, Geita. Kila ofisi ina sababu sahihi ya kusema si wangu, mpaka siku anapolazwa akihitaji oksijeni. Swali moja, unafanya kazi gani, likiandikwa kwenye faili siku ya kwanza na likasomwa na anayelipa, lingemwondoa kwenye vumbi mapema.

Wengine husema watu wa bima na waganga hawawezi kukaa meza moja. Walishakaa, tena wilaya hii hii ya Kishapu. Hapa ndipo ulipoanzia, mwaka 2015, mpango wa kulipa kwa matokeo, RBF, kabla ya kuenea mikoa mingine. NHIF ndiyo iliyokuwa mnunuzi wa huduma, kituo kililipwa kwa idadi na ubora wa kazi iliyohakikiwa, na sehemu kubwa ya fedha ilibaki kituoni kununua dawa na kukarabati. Haukuwa mpango safi: malipo yalichelewa, makaratasi yaliwachosha wahudumu, na fedha zilitegemea wafadhili. Ila ulionyesha kwamba anayelipa anaweza kukubaliana na anayetibu kabla mgonjwa hajafika.

Kuhusu hoja kwamba mfumo wa kielektroniki utamaliza yote, tazama Kenya. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF ya kwao Oktoba 2024, mfumo ukasumbua, wagonjwa wakaambiwa watoe fedha taslimu. Kompyuta hupeleka haraka makubaliano yaliyopo, yasiyokuwepo haiyatungi.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, na kadi zitaongezeka. Kwa Shinyanga na Geita ningeanza na vitu viwili tu: waganga wakuu wa mikoa na maofisa wa bima wakubaliane ni dawa zipi zahanati inaweza kuziendeleza baada ya daktari wa mkoa kuzianzisha, kisha barua ya kumrudisha mgonjwa zahanati ipewe bei. Rufaa ya kupanda kila mtu anajua kuiandika. Ya kushuka haina anayelipwa kwa kuiandika, na daktari mwenye foleni ya wagonjwa nje ya mlango hawezi kulaumiwa kwa kuiacha.